Siku Pivo Alipoagwa Bila Viatu

Wenzangu mnaobaki na funguo za ukumbi,

Kwenye chai ya kuagana mliniomba niseme maneno mawili, nami nikasema mawili kweli, asanteni na kwaherini, maana mdomo ulikuwa umejaa keki. Haya mengine nayaandika nikiwa nyumbani, miguu juu ya stuli. Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilipewa koti jipya na ufagio uleule. Nataka kuandika habari za sakafu, na za mtu ambaye picha yake mnaiona ukutani karibu na choo cha wanaume. Wengi wenu mmeniuliza kama ni mchezaji wa Marekani. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye yadi ya malori Clairwood, hapahapa Durban. Jina tulilomwita ni Pivo.

Mimi ni wa kwanza katika watoto watano. Baba alifariki Tanga nikiwa darasa la tano, mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Mwalimu mkuu alipokuja nyumbani kuuliza kwa nini sionekani shuleni, alinikuta nakanda unga wa maandazi na mdogo wetu wa mwisho, Sefu, akiwa mgongoni kwangu. Alinunua maandazi manne akaenda zake. Miaka mingi baadaye, wadogo watatu wakiwa wameanza kujiweza na Sefu akiwa bado anasoma, nilikuja Durban na mama mmoja wa mtaani kwetu kuuza batiki na vinyago kule ufukweni. Watalii walivipenda sana. Walivishika, wakavisifu, wakavirudisha mezani. Mzigo ulipokwama yule mama alirudi Tanga, nami nikabaki kutafuta kazi ambayo hainihitaji nionyeshe cheti.

Ukumbi huu wa mpira wa kikapu ulikuwa na mtunzaji mmoja, mzee wa Kihindi kutoka mtaa wa Chatsworth tuliyemwita anko Siva. Siku ya kwanza hakunipa ufagio. Aliniambia nivue viatu, nitembee na soksi kutoka ukuta hadi ukuta, mstari kwa mstari, halafu nimwambie nimesikia nini. Nilidhani mzee ana matatizo. Lakini nilikuwa na njaa, nikatembea. Ilinichukua karibu saa nzima.

"Umesikia nini?"

"Mbao zinajibu. Ila ile pale, chini ya kikapu cha upande wa mlangoni, haijibu."

"Aliyekuja jana kuomba kazi aliniambia amesikia magari barabarani," alisema. "Kesho njoo saa moja."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kwa sababu ya mbao moja iliyokufa sauti.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mopu pana ya vumbi. Taulo la kukamua mpaka lisitoe tone, maana anko Siva alikuwa anasema: "Maji yakikaa dakika moja mbao inakunywa, ikinywa inavimba, ikivimba utaniita mimi, na mimi nitakuwa nimestaafu." Barafu ya kugandishia chingamu na rula ya plastiki ya kuibandulia. Na kile kifaa ambacho nyie mnakicheka, mpira wa tenisi uliotobolewa na kuchomekwa kwenye mpini wa ufagio. Hakuna kinachofuta michirizi myeusi ya soli kama ule mpira. Najua sasa mna mashine. Mashine haijui kona.

Sheria ya ukumbi ilikuwa moja tu, imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: hakuna kiatu cha barabarani juu ya sakafu. Anko Siva aliisugua sakafu ile miaka mingi wakati sheria za nchi hazikumruhusu mtu wa rangi yake kucheza juu yake. Siku moja nilimuuliza kama haikumuuma.

"Iliniuma," alisema. "Lakini si sakafu iliyotunga zile sheria."

Pivo alikuja mwaka wa pili wa kazi yangu, mchana, mvua ikinyesha. Aliinama mlangoni. Nyote mnaujua mlango ule ulivyo mrefu. Sijamwona mtu mwingine akiuinamia isipokuwa mafundi waliobeba ngazi. Alikuwa amevaa sare ya ulinzi iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, na buti zake alikuwa amezishika mkononi. Miguu yake ilikuwa mitupu.

"Yaya," aliniambia, "iko mazoezi leo?"

Niliegemeza mopu ukutani. Kisha nikamwambia: "Kaka, mimi si yaya wa mtu. Kwetu yaya ni mwanamke anayelea watoto wa watu kwa mshahara."

"Kwetu Bukavu yaya ni mukubwa wako. Dada, kaka, yote yaya." Akafikiri kidogo. "Weye haukulea batoto?"

"Nimelea wadogo zangu wanne."

"Kwa mushahara?"

"Mshahara gani?"

"Basi uko yaya," alisema. "Wa bure."

Tangu siku ile Wakongo wote waliokuja ukumbini waliniita yaya, na mimi niliacha kubisha.

Alikuwa amekimbia vita kwao, amepita nchi nyingi kwa malori na kwa miguu, na maduka yote ya Durban hayakuwa na raba ya namba yake. Wiki za kwanza alicheza pekupeku, mpaka baharia mmoja wa meli iliyotia nanga bandarini alipompa raba zake. Jina la Pivo lilitokana na Kifaransa cha Wakongo, neno lenyewe likiandikwa pivot. Pivo ni yule mchezaji mrefu kuliko wote, anayesimama karibu na kikapu na kulipa kisogo goli.

Hapa niwaeleze vizuri, kwa sababu leo mnaona kila timu inafanya hivyo mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kabla yake, hapa kwetu mtu mrefu alikuwa anasimamishwa chini ya kikapu mikono juu kama nguzo ya umeme, asubiri mpira umwangukie. Wafupi ndio waliocheza. Pivo aliupokea mpira akiwa amelipa kisogo goli, mguu mmoja ameupanda chini kama mche, hauondoki, na ule wa pili ukawa unatafuta njia: huku, hapana, kule. Mlinzi wake akienda huku, yeye anageukia kule, mkono mmoja unapanda juu ya kichwa na mpira unaingia taratibu. Alifanya hivyo kwa kulia na kwa kushoto. Mara ya kwanza alipofanya, wachezaji wenzake waliacha kukimbia wakatazama. Kocha wao, Bosco, Mkongo mwenzake mwenye duka la kinyozi mjini, aliwapigia kelele kwamba hawakuja sinema.

Ligi ya jiji haikuwa na mgeni hata mmoja. Watu wa ligi hawakujua kama mtu mwenye karatasi ya ukimbizi anaweza kusajiliwa, na waliposhindwa kuamua walimwambia asubiri. Alisubiri msimu mzima. Kila Jumanne na Alhamisi alikuja, na kwa kuwa haruhusiwi kucheza, alifundisha. Aliwakusanya warefu wote, wa timu yake na wa timu pinzani, akawafundisha kupanda mguu na kugeuka. Walikuwepo wavulana wa Cato Manor waliokuwa wanatembea wameinamisha mabega kwa kuona aibu ya urefu wao. Alikuwepo Nokuthula, dada mrefu aliyefanya kazi kwenye kaunta ya duka la mkate, ambaye timu ya wanawake ilikuwa inamtumia kufungia nyavu bila ngazi.

"Weye unaficha nini?" Pivo alimuuliza kwa Kiingereza chake kilichojaa Kiswahili.

"Sifichi kitu."

"Unaficha kichwa. Kiko juu pale, watu wote wanakiona. Kitumie."

Msimu uliofuata walimsajili. Alikuwa mgeni wa kwanza kwenye ligi ile, na alipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza timu pinzani nayo ilimpigia makofi, kwa sababu nusu yao alikuwa amewafundisha yeye.

Sasa niwasimulie kosa langu, maana ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Bosco. Kwenye nusu fainali mtunza muda hakutokea, wakaniweka mezani. Kazi yangu ilikuwa kuitazama saa na kupiga honi kocha akitaka kubadilisha mchezaji. Zilibaki dakika chache, timu yetu iko nyuma, na Pivo ana faulo nne. Moja zaidi anatolewa moja kwa moja. Bosco akaja mezani mbio na mchezaji wa akiba, kijana wa Kizulu asiyejua neno la Kiswahili.

"Yaya, Pivo, tosha."

Nikamtazama Pivo. "Kweli kocha, anatosha."

"Tosha, basi!"

"Ndiyo. Anatosha kabisa."

"Yaya, tosha Pivo!"

"Kocha," nilimwambia, "nakubaliana na wewe. Nenda ukakae."

Mpira ulikuwa umeshaanza kuchezwa. Pivo akaupokea chini ya kikapu akageukia kushoto, ukaingia. Akaupokea tena akageukia kulia, ukaingia. Mara ya tatu walimzunguka watu watatu, na yeye akampa mwenzake aliyebaki peke yake. Tulishinda kwa pointi moja. Bosco alikuwa ameketi chini kando ya meza, kichwa ameshika kwa mikono miwili.

"Nilikwambia umutoshe," aliniambia.

"Na mimi nilikubali kwamba anatosha."

Ndipo Mtanzania mmoja aliyeoa Mkongo alipotueleza, akicheka hadi machozi, kwamba kwa Wakongo kutosha ni kutoa. Bosco alikuwa ananiomba nimtoe mtu, na mimi nikawa namsifu. Pivo aliposikia alilala chali katikati ya uwanja akicheka, na ukumbi mzima ukaona jinsi alivyo mrefu akiwa amelala. Kuanzia mechi iliyofuata niliweka mezani vibao viwili, kimoja TOKA na kingine INGIA. Nawausia: mtu akija mezani na Kiswahili chake, mwambieni aonyeshe kwa kidole.

Alifariki Jumatatu asubuhi ya wiki ya fainali, akiwa ameketi kwenye kiti chake getini Clairwood. Dereva wa lori alipiga honi ili afunguliwe, akapiga tena, kisha akashuka. Madaktari walisema ni moyo. Alikuwa hajafikisha miaka thelathini na mitano.

Kwao vita ilikuwa imewaka upya, na hakukuwa na njia ya kumrudisha. Bosco alishinda siku mbili kwenye duka la simu akijaribu kuipata Bukavu, na laini iliposhika alizungumza na mama yake kwa dakika chache. Mama hakulia kwenye simu. Aliuliza kama mwanawe alikuwa na watu. Bosco akamwambia wako wengi. Basi mama akasema: "Mumuage fasi bantu banamujua." Fasi kwao ni mahali. Alitaka aagwe mahali watu wanapomjua, kisha laini ikakatika.

Kanisa lake lilikuwa chumba cha darasa cha kukodi, kinachoingia watu arobaini wakibanana. Bosco na wachezaji walikuja kwangu. Hawakulazimika kuniambia wanataka nini.

Meneja wa ukumbi alikuwa mgeni kazini, hana hata miezi mitatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na alikuwa na haki ya kuogopa: fainali za ligi zilikuwa Jumamosi ileile na wageni wakubwa walialikwa. Nilipomweleza kwamba tunataka kumuagia Pivo ukumbini siku ya Ijumaa, alitikisa kichwa. Jeneza, umati, viatu, maua yenye maji, na siku ya pili yake fainali. Nikamwambia mimi nitaisimamia sakafu.

"Kama utaisimamia, weka jina lako," alisema.

Akachapa karatasi. Ilisema kwamba uharibifu wowote utakaoonekana Jumamosi asubuhi ni juu yangu, na kwamba nitaacha kazi siku hiyohiyo. Niliisoma pale, kwa mwendo wa mtu aliyeishia darasa la tano, kila neno kwa zamu yake. Kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea barua ya kazi ya ukumbi ule. Sefu alikuwa kidato cha nne Tanga na mitihani ilikuwa mwezi uliofuata. Nilijua nikirudi nyumbani mikono mitupu, atakuja kunipokea stendi na atasema ameacha shule kwa hiari yake, kama nilivyosema mimi. Nikamkumbuka mama wa Bukavu. Nikaweka jina.

Siku ya Jumatano nilikwenda Chatsworth kwa anko Siva, ambaye tayari alikuwa amestaafu na alikuwa anasugua veranda yake kila asubuhi kwa mazoea. Nikamweleza. Aliuliza maswali ya kazi tu.

"Watu wangapi?"

"Sijui. Mia tatu, mia nne."

"Siogopi miguu. Naogopa viti. Watakaa juu ya nini?"

Nilikuwa sijafikiri. Viti vyetu vyote vilikuwa vya chuma. Nikamwambia kwetu kwenye msiba watu hukaa chini, juu ya mikeka.

Aliweka tambara chini. "Sasa mbona umekuja mpaka Chatsworth?"

Nilipita kwa kina mama wa Kitanzania, mmoja mmoja. Nilikusanya mikeka na majamvi mpaka gari dogo la mume wa mmoja wao likaanza kulalamika. Mwenye kikwazo alikuwa Bosco.

"Yaya, kuna wakubwa wanakuja. Pasta, na watu wa ligi. Mutu mukubwa atakaa chini?"

"Pivo atakuwa amelala chini," nilimwambia. "Nani mkubwa kuliko yeye?"

Kwa urefu peke yake nilikuwa nimeshashinda hoja.

Ijumaa saa nne asubuhi anko Siva alikaa mlangoni na vipande vya karatasi vyenye namba. Kila mtu alivua viatu, akafungiwa karatasi, akapewa nusu yake. Waislamu hawakuhitaji kuelezwa. Walivua kabla hawajafika kwenye kizingiti. Pasta alivua akaonekana soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, akatembea ibada nzima akiwa amekikunja. Shida ilitoka kwa kijana mmoja wa Kikongo, amevaa suti ya rangi ya ndizi na viatu vya ngozi ya mamba.

"Yaya, bile biatu biko na jina," alisema, akinionyesha chapa ya kampuni pembeni.

"Na hii sakafu ina mwenyewe."

"Bitaibiwa."

Anko Siva, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja lakini alielewa kila kitu, alivichukua vile viatu taratibu, akavipangusa kwa leso yake, akaviweka mapajani mwake. Vikakaa pale mpaka mwisho. Kijana akaingia ameridhika.

Watu wa mazishi walileta jeneza kwenye kitoroli cha magurudumu ya chuma. Nikawazuia. Walichukia, lakini wachezaji wanane, wa timu yetu wanne na wa timu tuliyoitoa nusu fainali wanne, walikuwa wameshapanga mstari wakiwa na soksi. Jeneza lilitengenezwa kwa agizo maalumu na lilikuwa refu kupita kiasi. Kwenye kona ya korido halikukata. Wakajaribu hivi, wakajaribu vile. Mwishowe Nokuthula, aliyekuwa akiwatangulia, akawaambia kwa sauti ya chini: "Pandeni mguu mmoja. Geukeni." Wakageuka wote kwa pamoja juu ya mguu mmoja, upande wa mbele ukainama kidogo, na Pivo akapita. Walimlaza juu ya magodoro ya mazoezi, katikati ya uwanja.

Watu walikuwa zaidi ya mia nne. Walikaa chini, wakubwa na wadogo, mtu wa ligi goti kwa goti na muuza nyanya. Pasta alihubiri kwa Kifaransa na Kiswahili. Bosco alisimulia habari ya "tosha Pivo", na nilipoona hata wafiwa wanacheka nilijifunika uso kwa mtandio. Halafu vijana wa Cato Manor walianza kuimba kwa Kizulu, wakasimama, wakaanza kukanyaga chini kama wanavyoimba kwao, na Wakongo wakaingia na wao, na kina mama wa Kitanzania waliokuwa wamekaa kwa heshima nao wakajikuta wamesimama. Miguu mia nane isiyo na viatu juu ya mbao. Sijui niwaelezeje sauti ile. Kwa dakika moja niliwaza msumari na mbao na Sefu. Kisha nikaacha, kwa sababu mbao zote zilikuwa zinajibu.

Bosco alinijia ubavuni. "Yaya, sasa tumutoshe."

Safari hii nilielewa. Nikawafungulia mlango.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi meneja alikuja na karatasi yangu na tochi. Nilikuwa nimeshapiga mopu mara mbili. Alianzia mlangoni. Alitembea polepole, akiinama, akimulika kwa mshazari ili mwanga uonyeshe mkwaruzo. Nilimfuata nyuma hatua mbili. Timu ya wanawake ilikuwa imeshafika kupasha misuli, maana fainali yao ndiyo iliyotangulia. Alikagua korido. Alikagua katikati, mahali jeneza lilipolala. Hakuna kitu. Alipofika chini ya kikapu alipiga goti.

"Na hii?"

Palikuwa na duara mbili, moja kila upande wa kikapu, kila moja upana wa kisahani cha chai. Vanishi ilikuwa imelika pale, mbao imefifia.

"Hiyo si ya jana," nilimwambia. "Ni ya Pivo. Ndipo alipokuwa anapanda mguu."

"Mtu mmoja hawezi kula vanishi."

"Hakuwa mmoja."

"Bibi Zuhura, nikuamini vipi?"

Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Kwenye daftari letu la sakafu sikuwahi kuiandika, maana sikuwahi kuiona kuwa ni kasoro. Nokuthula alikuwa amesimama karibu na mpira kwapani. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akamwambia meneja, "Samahani, naomba nipite," akalipa kisogo goli, akapanda mguu. Raba yake ilitua katikati ya ile duara kama mtu anayeweka kikombe kwenye kisahani chake. Akageuka huku, hapana, kule, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Kisha mwenzake akafanya hivyohivyo upande wa pili. Kisha wa tatu, mlinzi wa timu pinzani. Hakuna aliyetazama chini kutafuta pa kukanyaga.

Meneja alizima tochi. Aliwatazama wanawake wale wakipokezana, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu kuliko ukaguzi ulivyohitaji. Akaichukua kalamu. Kwenye karatasi ile palikuwa na mistari miwili ya kujaza, uharibifu na matumizi ya kawaida. Kwenye wa kwanza aliandika sifuri. Kwenye wa pili aliandika neno moja kwa Kiingereza, akanipa nisome: pivot.

"Msimu ukiisha, ipigeni msasa," alisema, akaenda kupokea wageni wake.

Sefu alifaulu. Leo ni mwalimu Korogwe na ananisahihisha nikiandika. Nokuthula ana timu yake. Na mimi, kila mwisho wa msimu, nilipiga magoti chini ya kile kikapu na msasa mkononi, nikazifuta zile duara mbili, nikapaka vanishi mpya mara tatu, nikaacha ikauke siku mbili na madirisha wazi. Kila mwaka, kabla ya fainali, zilikuwa zimerudi. Mwaka huu nilipokuwa nawakabidhi funguo nilizitazama tena. Ziko palepale, na walioziweka safari hii walikuwa hawajazaliwa yeye alipokufa.

Msasa uko kwenye kabati la chini. Ifanyeni kazi vizuri, msikwepe kona. Na mkaguzi akija akazimulika zile duara, akawauliza ziandikwe wapi, msikubali mstari wa uharibifu. Ziandikeni kwenye matumizi.